Hayward, Mji Unaojulikana kwa Daraja na Tetemeko

Mjomba wangu aliyeko Mombasa huwaambia watu kwamba naishi San Francisco. Nilijaribu kumsahihisha kwenye simu: "Mjomba, ni Hayward." Akauliza, "Hewadi ndiyo wapi tena, mwanangu? Iko karibu na San Francisco?" Nikamwambia iko karibu. "Basi ni San Francisco hiyo hiyo." Nimeacha kubishana naye, maana hata watu wa huku, wanaokaa mwendo wa dakika arobaini kwa treni, wanalijua jina la Hayward kwa mambo mawili tu: kuna daraja linaloitwa hivyo, na kuna ufa wa tetemeko unaoitwa hivyo. Wachache huongeza la tatu, kwamba Dwayne Johnson, yule The Rock wa mieleka na sinema, alizaliwa hapa mwaka 1972. Maarifa yao huishia hapo.

Ghuba ya San Francisco ina San Francisco yenyewe upande wa magharibi, Oakland upande wa mashariki, na San Jose kule kusini maji yanakoishia. Hayward iko mashariki, kati ya Oakland na San Jose, imejibana kwenye ukanda wa tambarare ulio baina ya maji na vilima. Huku hupotei kirahisi. Vilima ni mashariki. Upepo wa alasiri unatoka ghubani. Mvua hunyesha kuanzia mwezi wa Novemba hivi hadi Aprili, kisha vilima vinakauka na kugeuka rangi ya simba mpaka mvua zirudi. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 162,954. Kati ya kila kumi, wanne hivi ni Walatino, watatu hivi wana asili ya Asia, na waliobaki ni Weupe, Weusi, watu wa visiwa vya Pasifiki, na wale ambao damu zao zimechanganyika mpaka fomu ya sensa haiwatoshi. Hakuna kundi linalofika nusu.

Halafu njia. Barabara kuu ya 880 inapita upande wa ghuba, 580 iko juu kidogo kaskazini, na 92 inakatiza mji kuelekea darajani. Treni za BART zina vituo viwili hapa, Hayward na South Hayward, vyote vilivyofunguliwa tarehe 11 Septemba 1972, siku BART yenyewe ilipobeba abiria kwa mara ya kwanza. Treni ya Capitol Corridor, inayotoka Sacramento kwenda San Jose, nayo husimama. Uwanja wa ndege wa Oakland uko jirani, wa San Francisco uko ng'ambo ya maji. Madalali wa nyumba hupenda kusema kwamba ukiwa Hayward unafika popote, na ni kweli. Wasilolisema ni kwamba mji unaofikika kutoka kila upande ni mji ambao kila mtu anaupitia, na mpita njia hana haja ya kujua jina la mtaa wako.

Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba mambo haya mawili yanayosifiwa kwenye matangazo ya nyumba, mchanganyiko wa watu na wingi wa njia, ni jambo moja. Watu hawakuja hapa kwa sababu kuna aliyewaita. Walikuja kwa sababu palifikika, palikuwa na kazi, na kodi ya nyumba ilikuwa nafuu kuliko ng'ambo ya ghuba. Na njia zilizowaleta hawa ndizo zilizowang'oa wengine. Huwezi kuusifia mji huu kwa mchanganyiko wake ukaruka habari hiyo.

Nianze na walioletwa. Mfano niupendao uko kwenye duka la vyakula la Wahindi wa Fiji ninakonunua muhogo. Ni muhogo wa barafu, umeshamenywa na kukatwa, umesafiri kutoka Fiji. Kando yake kuna magimbi na majani yake, samaki wa kopo, na unga wa kila namna. Siku moja mwenye duka, mzee wa miaka sabini hivi, aliniona nimekumbatia mifuko ya muhogo akaniuliza mimi ni wa kisiwa gani. Nikamwambia Mombasa, nayo ni kisiwa, ila si cha Pasifiki. Tangu hapo tuna mazungumzo yasiyoisha.

Yanahusu Waingereza. Kati ya mwaka 1879 na 1916 waliwachukua Wahindi kama 60,000 kwa mikataba na kuwapeleka Fiji kukata miwa. Kwetu walileta kama 32,000 kwa mikataba ya aina hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1896, wajenge reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Mzee anajua hesabu hizi kuliko mimi. "Wa kwenu wengi walikuwa Wapunjabi," huniambia, "wa kwetu walitoka pande za Bihar na Awadh." Kwetu wengi wao walirudi India reli ilipokwisha. Fiji wengi walibaki, wakazaa, wakawa karibu nusu ya nchi, mpaka mapinduzi mawili ya mwaka 1987 na mengine ya mwaka 2000 yakawafanya maelfu wafunge mizigo tena. Wengi waliishia California, na Hayward ikawa miongoni mwa miji yao mikubwa. "Nyinyi mlipata reli, sisi tulipata sukari," alisema mzee, akanipa muhogo mmoja wa bure, jambo ambalo halijarudiwa.

Ukitoka hapo ukifuata barabara ya Mission Boulevard utakuta mkate wa Kiafghani, mikate mitamu ya Kimeksiko, pupusa za watu wa El Salvador, na maduka ya Wafilipino yenye masanduku makubwa ya kutuma mizigo nyumbani kwa meli. Vinapendeza, lakini sitaki msomaji apate picha ya karamu moja kubwa. Kila kundi lina kanisa lake, msikiti wake, hekalu lake, ukumbi wake wa harusi. Jumapili asubuhi Waafrika Mashariki wa eneo hili wanaendesha gari mwendo mrefu, wanapita makanisa kumi njiani, ili wakaabudu na wenzao. Mahali tunapokutana kweli ni pale ambapo hakuna mwenye hiari ya kuchagua jirani: kwenye jukwaa la BART, ofisi ya shule mwezi wa Agosti, foleni ya kupimwa damu, na kwa fundi wa matairi. Nimejifunza mengi kuhusu Watonga wa Pasifiki nikisubiri tairi.

Kazi yangu iko ng'ambo ya ghuba, kwa hiyo daraja nalifahamu vizuri kuliko ninavyotaka. San Mateo–Hayward lina urefu wa kama kilomita 11 na ndilo refu kuliko yote California. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1929. Hili la sasa ni la mwaka 1967. Sehemu kubwa yake ni nguzo fupi fupi juu ya maji ya kina kifupi, huna hata hisia ya kuvuka kitu, kisha karibu na upande wa San Mateo linanyanyuka ghafla ili meli zipite chini. Ushuru hutozwa wanaoelekea magharibi peke yao. Mwaka 2025 ulikuwa dola 8. Saa kumi na mbili asubuhi foleni imeshafika barabara ya 880. Ukitazama kulia na kushoto unaona vilemba, kofia za ujenzi, sare za wauguzi, mtu anapaka wanja kwa kioo cha gari. Ukanda wote ule wa magharibi, wenye ofisi za teknolojia na mishahara yake, huamshwa na watu wanaolala upande wetu.

Mahali pale daraja linapotua upande wa Hayward, kabla ya maghala na viwanda vilivyopo leo, palikuwa na kijiji kilichoitwa Russell City. Hakikuwa ndani ya mipaka ya mji. Kilikuwa chini ya kaunti ya Alameda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani Weusi kutoka majimbo ya kusini walikuja kufanya kazi kwenye viwanda vya meli vya ghuba, na walipotaka kununua nyumba mijini walikuta mikataba ya viwanja na benki vikiwazuia. Russell City hakukuwa na wa kuwazuia. Walijenga humo pamoja na familia za Kimeksiko na nyinginezo, zaidi ya watu elfu moja, na makanisa, maduka, shule, na vilabu ambavyo wapenzi wa muziki wa blues huvikumbuka mpaka leo.

Kile hawakupewa ni maji na mfereji wa maji taka. Waliomba kaunti kwa miaka, wakanyimwa, wakaendelea na visima na vyoo vya nje. Kisha serikali ile ile iliyowanyima ikasema kijiji ni kichafu na hakifai kuishi binadamu. Mwaka 1963 kilitiwa ndani ya mipaka ya Hayward, ardhi ikachukuliwa, nyumba zikabomolewa, pakawekwa eneo la viwanda, kwa sababu kiwanja kilicho karibu na daraja, reli na barabara kuu kilikuwa kimeanza kuwa na thamani. Baraza la mji liliomba radhi rasmi mwezi wa Novemba mwaka 2021. Leo jina la Russell City limebaki kwenye kituo cha kufua umeme. Nikiwa kwenye foleni ya asubuhi nakiona pale pembeni, na sijawahi kuelewa ni nani aliyeona kwamba hiyo ni heshima.

Hawakuwa wa kwanza kung'olewa. Waohlone, wenye ardhi hii kabla ya Wahispania kujenga misheni zao, walitangulia. Halafu kuna picha ya tarehe 8 Mei 1942 ambayo huenda umeiona hata kama hukujua imepigwa wapi: familia ya Kijapani imesimama na mizigo, watoto wamevaa makoti ya kutokea, kila mmoja amefungwa kipande cha karatasi chenye namba. Mpiga picha ni Dorothea Lange, na mahali ni Hayward. Familia hiyo ilikuwa na vitalu vya maua hapa. Walikuwa wanasubiri basi la kuwapeleka Tanforan, uwanja wa mbio za farasi upande wa pili wa ghuba, ambako watu walilazwa kwenye mabanda ya farasi kabla ya kusafirishwa kwenye kambi za jangwani walikofungiwa watu wa asili ya Kijapani wakati wa vita. Pembeni mwa mahali palipokuwa Tanforan leo kuna kituo cha BART cha San Bruno. Tangu mwaka 2022 nje ya kituo kuna sanamu ya shaba ya wasichana wawili wa familia hiyo. Unaweza kupanda treni Hayward ukashuka mbele yao, na gharama yake ni nauli tu.

Baada ya habari hizi mbili huwa nafurahi kusimulia ya tatu, ya barabara ambayo haikujengwa. Kuanzia miaka ya 1960 jimbo la California lilipanga kupitisha barabara kuu chini ya vilima vya Hayward, na likaanza kununua nyumba na viwanja njiani, mamia kwa mamia. Mwaka 1971 wakazi, wengi wao wa kipato cha chini na wenye asili ya Meksiko, walikwenda mahakamani. Walikuwa na silaha ambayo watu wa Russell City hawakuwa nayo: sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliyodai kwamba huwezi kubomoa nyumba za watu kwa ajili ya barabara bila kuonyesha watakwenda kuishi wapi. Mahakama ikasimamisha kazi. Barabara haikujengwa mpaka leo. Jimbo likabaki na nyumba zake, likazipangisha miongo kadhaa, nyingine zikazeeka, nyingine zikabomolewa, na ndiyo maana ukipita chini ya vilima unakutana na viwanja vitupu mahali ambapo mraba mmoja wa ardhi unauzwa kwa bei ya kutisha. Ni miaka ya karibuni tu vimeanza kuuzwa na kujengwa.

Kati ya kijiji kilichobomolewa na mtaa ulionusurika hakuna hata miaka kumi, na mwendo wake kwa gari ni dakika kumi na tano. Nikisikia mtu anasema mambo haya "yalikuwa ya zamani, watu hawakujua", hesabu hiyo ndiyo inayonijia.

Badala ya barabara kuu tulipata kitu kinachoitwa Loop, na hapa naomba radhi kwa hasira fupi. Mwaka 2013 walikamilisha mpango wa kugeuza barabara za katikati ya mji, Foothill, Mission na A Street, ziwe za kwenda upande mmoja, mzunguko mkubwa wa njia nyingi, ili magari yanayopita yapite haraka. Yanapita haraka kweli. Mwenye mji akitaka kununua mkate duka la upande wa pili lazima azunguke mji. Biashara zilizokuwa zinategemea mtu kupunguza mwendo akaona kibao sasa zinatazama magari yakivuma. Nadhani hakuna jambo moja linalowaunganisha watu wa Hayward wa lugha zote kama chuki ya Loop.

Pengine la pili ni ufa. Tarehe 21 Oktoba 1868 ardhi ilipasuka kando ya Ufa wa Hayward. Wataalamu wanakadiria ukubwa wa 6.8. Watu kama thelathini walikufa katika eneo zima, na hapa mjini karibu hakuna jengo lililosalimika. Mpaka mwaka 1906, San Francisco ilipoteketea, hilo ndilo lililoitwa tetemeko kubwa. Wanajiolojia waliochimba mitaro kule Fremont wanasema ufa huu umekuwa ukipasuka kila miaka 150 hivi kwa wastani. Fanya hesabu mwenyewe.

Lakini ufa huu una tabia ya ajabu: hausubiri tu, unatambaa, kama milimita 5 kwa mwaka, kimya kimya, chini ya nyumba za watu. Jumba la zamani la mji, zuri, lililojengwa mwaka 1930, liko juu yake kabisa, na limehamwa kwa sababu linararuliwa taratibu. Kwenye kona ya mitaa ya Rose na Prospect kulikuwa na ukingo wa barabara uliokatika na pande zake kuachana kidogo kidogo. Wanajiolojia walikuja kuupiga picha mwaka baada ya mwaka tangu miaka ya 1970. Kisha mwaka 2016 mafundi wa mji wakaung'oa wakaweka kipito cha viti vya magurudumu, bila kujua kwamba wamefuta kumbukumbu ya kisayansi iliyojulikana duniani. Mimi niko upande wa mafundi. Mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kusubiri jiolojia.

Na Warren Hall? Chuo kikuu cha jimbo, Cal State East Bay, kiko juu ya vilima, na jengo lake hilo la ghorofa 13 lilionekana hata kutoka ng'ambo ya ghuba. Liligundulika kuwa hatari likitikiswa, hivyo Agosti mwaka 2013 wakaliangusha kwa baruti. Wanasayansi walitandaza vipima mitikisiko zaidi ya 600 kwenye bustani na nyumba za wakazi, ili anguko hilo liwasaidie kuchora ufa ulivyo chini ya ardhi. Watu ambao hawajawahi kuombana hata chumvi walikubali kwa pamoja kuwekewa chombo uani. Huwa naona hapo mji ulifanya kitu kama kuzungumza.

Maandalizi yenyewe ni ya kuchosha: maji ya kunywa chini ya ngazi, kabati limepigiliwa ukutani, viatu karibu na kitanda kwa sababu vioo huvunjika usiku. Bima ya kawaida ya nyumba haihusishi tetemeko. Ile inayohusisha ni ghali na wengi wanaikwepa. Tunaishi hivyo. Wenye nyumba vilimani wana mandhari nzuri zaidi na ufa karibu zaidi. Sisi wa tambarare tuna udongo laini unaotikisika zaidi. Upande wa ghuba maji nayo yanapanda, na mji una mipango mikubwa ya kinga za kuzuia bahari. Hakuna mtaa uliopona.

Ile nafuu iliyoleta watu imekwisha. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ya miaka ya 1950, yenye karakana ya gari moja, sasa inakaribia dola milioni moja. Kuna sheria ya jimbo ya mwaka 1978 inayozuia kodi ya mali isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe, kwa hiyo kwenye mtaa mmoja bibi aliyenunua zamani analipa kidogo sana na kijana aliyenunua juzi analipa mara kadhaa yake kwa nyumba pacha. Wapangaji hawana kinga hiyo. Kodi ya pango ikipanda wanahamia ng'ambo ya vilima, Tracy au Manteca, wanarudi kila siku kwa gari kufanya kazi huku huku. Njia tena. Kadiri zinavyofika mbali, ndivyo watu wanavyosukumwa mbali.

Jirani yangu Mfilipino, aliyekuwa akinikatia majani ya nyasi upande wangu bila kuambiwa, ameuza na kwenda Tracy karibu na wanawe. Nyumba imenunuliwa na ndugu watatu Waafghani na familia zao. Wana magari matano, na mbele ya nyumba pana nafasi ya mawili. Gari la tano hulala mbele ya geti langu. Nimekwenda kugonga mara moja. Mama yao alifungua, akaniita ndani, akanipa chai ya iliki na sahani ya zabibu kavu na lozi kabla sijataja gari. Nikashindwa kulitaja. Mwanawe mkubwa anarudi kazini saa tano usiku, na ndiye mwenye funguo. Nitamsubiri Ijumaa.